Tumbo la Ciku na Vitunguu vya Kimana

Kitengela, 6 Februari 2025

Kwa Tata Virginia, dada ya mama yangu na mama yangu pia,

Simel wa barua zetu amesimamisha pikapu yake nje ya ploti yetu ya kupanga na anasema supa ya Kimaasai kwa kila mtu, hata kwa paka, kwa hivyo na mimi nakusalimia hivyo hivyo: supa, Tata. Ameniambia nitaandika kwa muda wa kunywa vikombe viwili vya chai. Cha kwanza amekimaliza tayari.

Huku tuko wazima. Baba watoto, Ngigi, bado anachomelea milango ya chuma, anarudi jioni macho mekundu lakini anacheka. Cate wetu mkubwa ameng'oka jino la mbele na sasa akisema "sukari" tunapanguza uso. Na mgeni wetu ametimiza wiki tano leo. Kwa vile ni msichana wa pili, jina halikuwa na mjadala, ilikuwa zamu ya upande wangu. Zipporah, kama marehemu mama. Ananyonya kama mtu aliyetoka safari ndefu.

Wewe husema simu ni ya kuuliza bei ya vitunguu, mambo ya moyo yaende kwa karatasi. Nimeona uko na haki. Hapa kuta ni nyembamba, ukipiga chafya jirani anakuombea.

Asante kwa njahi, yale maharagwe meusi ya mama mzazi, na ile neti ya vitunguu. Tumekula, tumeshukuru. Tumbo langu bado linajaa na kunguruma kama zamani, lakini si kitu. Ni mambo ya uzazi tu, si kitu.

Simel amesimama. Nakupenda.

Ciku wako


Kimana, 20 Februari 2025

Ciku,

Huku jua ni kali lakini mfereji uko na maji. Tembo walipita usiku wa Jumanne, wakakanyaga nyanya zote za Katoo, jirani yangu. Vitunguu vyangu hawakugusa hata kimoja. Katoo anasema nimeongea nao.

Nimesoma barua yako mara tatu. Mtu akisema "si kitu" mara mbili kwa karatasi moja, hicho ni kitu. Dawa yako ni kula. Mama anayenyonyesha hali kama kuku, kudonadona. Njahi asubuhi, njahi jioni, na kitunguu kingi, cha kupika na kibichi. Nimempa Simel neti mbili. Usigawe.

Sasa jambo lenyewe. Jumamosi tarehe 22 Machi nitakuja na akina mama tisa wa kanisa kuona mtoto. Tutaleta viondo vyetu, uji wa kuchachisha na sufuria kubwa ya njahi iliyopikwa huku na mikono yetu. Wewe hutashika mwiko. Utakaa kwa kiti, utakula wa kwanza mbele yetu kama inavyotakikana, na sisi tutaimba mpaka majirani wahame.

Nimengoja miaka kumi na tisa kumshika dada yangu tena. Mwambie nakuja.

Virginia


Kitengela, 13 Machi 2025

Tata mpendwa,

Hujambo na shamba? Katoo amepanda nyanya zingine? Sisi tunaendelea. Mtoto ameanza kucheka, anachekea ukuta kuliko mimi.

Tata, naomba msije hiyo tarehe 22. Cate ameshikwa na tetekuwanga, amejaa vipele mpaka kwa kope, na sitaki mmoja wenu abebe ugonjwa mpaka Kimana. Tungoje kidogo, labda baada ya Pasaka, labda mvua ikiisha. Nitakuambia.

Usikasirike. Vitunguu vimefika, ni vizuri sana.

Ciku


Kimana, 3 Aprili 2025

Ciku,

Mvua imeanza.

Simel amerudi na habari mbili. Ya kwanza, alimkuta Cate akiruka kamba nje ya ploti, ngozi safi kama yai. Ya pili, aliona vitunguu vyangu vikiuzwa kwa kibanda cha yule rafiki yako Lorine. Neti bado iko na kamba ya bluu. Kimana nzima anayefunga neti na kamba ya bluu ni mimi.

Sikuulizi kitu. Kama hutaki tuje, sema. Akina mama walikuwa wameshanunua kitambaa.

Safari hii sijatuma neti.

V.


Kitengela, 8 Mei 2025

Tata,

Nimekaa na barua yako wiki tano chini ya godoro. Kila nikilala nilikuwa nasikia kama inanipiga mgongoni. Sikuwa nimekasirika. Nilikuwa na aibu. Leo nimeamua kuandika yote, na Simel akitaka chai ya kumi nitampa.

Kwanza, Cate hakuwa mgonjwa. Nilidanganya, na nilitumia jina la mtoto. Nisamehe.

Ukweli ni kwamba niliogopa kile kiti. Kukaa mbele ya akina mama tisa, wote wananiangalia mdomo, nile njahi, halafu tumbo lianze. Tata, hujui tumbo langu. Si la uzazi, ni la miaka mitatu sasa. Linajaa mpaka watu wananiuliza mwezi wa ngapi. Linakatika hapa chini, na nikienda choo linatulia kidogo, halafu linaanza tena. Wiki moja naendesha mara tano kwa siku, wiki nyingine nakaa siku nne bila choo. Nimekunywa dawa za amiba mara sita. Za taifodi mara tatu. Kila duka la dawa hapa linajua jina langu.

Ufunguo wa choo cha ploti mahali pake ni msumarini, lakini mimi huutembeza mfukoni. Lorine akaniambia, "Ciku, wewe na hicho choo mlifunga harusi lini, na mbona hamkunialika?"

Sasa sikia kilichonipeleka kwa daktari. Unajua nasuka nywele. Mwalimu Nanjala alikuja Jumamosi kusukwa matuta, alikuwa na mkutano wa wazazi saa nane. Nimefika nusu ya kichwa, tumbo likanishika. Nikamwambia narudi. Nikarudi. Likanishika tena. Mara ya tatu nilikaa huko nusu saa. Nilipotoka, mwalimu alikuwa ameenda mkutano na upande mmoja umesukwa vizuri na mwingine umesimama kama majani ya mnanasi, amejifunga leso. Upepo ukaipeperusha leso mbele ya wazazi wote. Baba mmoja akauliza, "Mwalimu, hii ndiyo mitindo mipya ya serikali?"

Nililia, Tata, halafu nikacheka, halafu nikalia. Lorine akafunga kibanda, akambeba mtoto mgongoni, akanishika mkono. Akasema, "Leo tunaenda kwa daktari wa kweli, si kwa muuza vidonge."

Daktari anaitwa Maundu, mama wa makamo, anaongea polepole. Hakuandika dawa kwanza. Aliniuliza maswali mpaka nikashangaa: choo kinakuwaje, maumivu yanakuamsha kutoka usingizini, umeona damu, nguo zinakulegea, una homa? Cha choo nikamweleza, hayo mengine yote nikasema hapana. Akapima damu na choo. Hakuna amiba, hakuna taifodi, damu haijapungua. Akasema, "Utumbo wako ukiutazama hauna kidonda. Lakini ni mwepesi wa kukasirika. Ule upepo ambao mwenzako hausikii, wewe unausikia kama ngoma. Si ya kukuua, na si wewe unajitungia. Ni ugonjwa wa kweli na watu wengi wako nao, wamenyamaza tu."

Lorine akadakia, "Daktari, huyu ndiye mwepesi wa kukasirika, utumbo unafuata mwenyewe." Daktari akacheka mpaka akavua miwani.

Alinipa kazi moja: niwe na daftari. Niandike nilichokula, saa ngapi, na tumbo lilisema nini baadaye. Pia siku nilizogombana na mtu au nilizokosa usingizi, kwa sababu utumbo na kichwa huongea. Na nisiache kula, kwa vile nanyonyesha.

Halafu akauliza swali moja zaidi. "Kwa familia, kuna mtu amewahi kuugua matumbo vibaya?" Nikamwambia mama yangu alikufa na tumbo nikiwa na miaka saba. Akaacha kuandika. Akasema kama ilikuwa saratani ya utumbo, na akiwa kijana, basi hawezi kuniacha na daftari tu, lazima anitume Nairobi wakaingize kamera. Akasema, "Uliza nyumbani, ilikuwa nini hasa."

Tata, mtu wa kuuliza ni wewe tu. Mama alikufa na nini? Siku hizi nikimwangalia Zipporah akilala nahesabu miaka. Mama aliniacha na miaka saba.

Ya vitunguu vya Lorine nitakueleza siku nyingine.

Ciku wako, usichoke na mimi


Kimana, 15 Mei 2025

Ciku,

Nimesoma. Pole sana kwa tumbo. Pole kwa mwalimu pia.

Huku mvua imekuwa nzuri. Ng'ombe wa Katoo amezaa mapacha na yeye anatembea kifua mbele kama ndiye aliyezaa. Kanisa tumeweka mabati upande wa kushoto. Miche ya msimu huu imeshika, hakuna hata mstari mmoja umekauka. Mchungaji amenunua pikipiki na anaiogopa. Simel anasema barabara ya Emali ni nzuri kuliko ya mwaka jana.

Huyo daktari anaonekana mtu mzuri.

Mama yako alikuwa mtu mzuri pia.

Nimetuma neti.

Virginia


Kitengela, 29 Mei 2025

Tata,

Nakusalimia, na ninamsalimia ng'ombe wa Katoo na mapacha wake. Umenipa habari za kila mtu Kimana mpaka pikipiki ya mchungaji. Ile moja niliyouliza hukunipa.

Naogopa kwamba umenyamaza kwa sababu ni ile mbaya. Kama ni saratani, niambie. Ngigi ameanza kuniuliza kwa nini nakagua kadi za kliniki za watoto kila saa. Kutojua kunanila kuliko kujua. Na daktari ameniambia wazi kwamba hofu pia ni chakula cha huu ugonjwa, siku nikiogopa tumbo linashiba hofu na linapiga kelele.

Ili uone sikufichi kitu tena, nitasema langu lililobaki. Ni vitunguu.

Nilijaza daftari wiki mbili. Nikampelekea daktari. Akachukua kalamu nyekundu akawa anazungushia: hapa kitunguu, hapa kitunguu, hapa kitunguu na maharagwe, hapa kitunguu na maziwa. Ukurasa ukawa kama umeugua tetekuwanga, ile ya ukweli. Akaniuliza, "Unatoa wapi vitunguu vyote hivi?" Nilitaka kusema vinatoka kwa mtu anayenipenda.

Nilikuwa nimeshuku kabla ya daktari, Tata. Ndiyo nikawa nampa Lorine. Lakini ningekuambiaje? Ulinisomesha na vitunguu. Sare yangu ilikuwa vitunguu, viatu vilikuwa vitunguu. Nilikuja kwako na nguo nilizovaa tu, ukanifunika na gunia la vitunguu kwa pikapu mpaka nyumbani kwa sababu ya baridi. Nitasemaje hicho ndicho kinaniumiza?

Nimesema. Sasa ni zamu yako.

Ciku


Kimana, 19 Juni 2025

Ciku, mwana wa dada yangu,

Nimeandika barua hii mara nne na nimewasha moto wa chai na zile tatu.

Si saratani. Tulia kwanza. Pumua. Si saratani.

Zipporah alishikwa na tumbo siku ya Jumatatu. Ilikuwa mwaka wa 2006, wakati wa mvua kubwa, alikuwa amekuja kunisaidia kuvuna. Sasa sikia, mimi nimekuwa na tumbo tangu nikiwa msichana. Kujaa, kukatika, kukimbia vichakani, siku nyingine kufunga kabisa. Huja, linanitesa, linaenda zake. Kwa hivyo dada yangu aliposhika tumbo nikamwambia, "Hili ni lile langu, litapita." Nikamchemshia tangawizi. Jumanne akaniambia, "Virginia, hili si lako." Nikamwambia, "Lala kidogo, tumalize kupakia." Alikuwa na homa, alikuwa anatapika, na maumivu yalikuwa yamehamia upande wa kulia na hayaendi mahali. Langu halijawahi kuwa hivyo. Sikuangalia. Jumatano tukambeba, barabara ya Loitokitok ikiwa matope matupu. Daktari alisema ni kidole tumbo, kimepasuka, na angefika Jumatatu angerudi nyumbani kwa miguu yake.

Hayo ndiyo nimenyamazia. Uliponiandikia kwamba tumbo linakusumbua, niliogopa kusema ngoja, niliogopa kusema kimbia. Nikasema kula. Halafu ulipouliza nikakuambia habari za pikipiki.

Kama hutaki nimshike mtoto baada ya kusoma haya, nitaelewa.

Lakini kuna lingine, na hili ucheke, maana nimelia vya kutosha juu ya karatasi hii. Mimi sili vitunguu.

Ndiyo. Mimi, Virginia, mwenye ekari mbili za vitunguu. Kwa miaka ishirini na zaidi sijameza kimoja. Viliniangusha vibaya nikiwa bado msichana wa kibarua, nikaacha. Nani angenunua vitunguu kwa mtu anayevikimbia? Kwa hivyo nikipika, nakatakata kitunguu vipande vikubwa, nakaanga kwa mafuta mpaka harufu iite watu, halafu nakitoa chote na kijiko. Harufu inabaki kwa mafuta, ubaya unatoka na kitunguu. Vile vipande alikuwa akila marehemu mume wangu kwa sahani ndogo. Alikufa akidhani ninampendelea. Na yale majani mabichi ya juu, ya kitunguu kichanga, hayanisumbui. Hayo nakata natia.

Umelelewa kwa nyumba yangu miaka kumi na moja bila kula kitunguu, mtoto wewe, na hukujua. Ulianza kukila ulipoolewa. Halafu mimi nakutumia neti mbili mbili! Baada ya Zipporah nilifikiri hili tumbo ni langu peke yangu. Sikujua linaweza kumpata mtu mwingine wa nyumba hii.

Mwambie Lorine auze. Ila akate kamba ya bluu.

Tata wako


Kitengela, 3 Julai 2025

Tata, Tata, Tata,

Nakusalimia mara tatu kwa sababu mara moja haitoshi.

Nilisoma barua yako nimekaa kwa ndoo nje, mtoto kifuani. Ngigi alitoka akanikuta nacheka na machozi yakinidondoka kwa kichwa cha mtoto. Akauliza, "Nani amekufa?" Nikamwambia, "Hakuna. Mama hakufa na kile nilichofikiri."

Kuhusu mama. Nimehesabu. Mwaka huo wewe ulikuwa na miaka ishirini na tisa. Mimi niko na ishirini na sita, na nilikunywa dawa za amiba mara sita bila kuwa na amiba. Mtu huangalia tumbo la mwenzake na kuona lake. Ulimpakia kwa matope, ukampeleka, halafu ukarudi ukanichukua mimi. Sitaki kusikia neno la kutoshika mtoto tena. Ukilisema tena nitakuchongea kwa akina mama wa kanisa.

Nilimsomea daktari Maundu pale pa kidole tumbo. Akasema hilo halina uhusiano na tumbo langu, na kamera ya Nairobi haihitajiki kwa sasa. Lakini amenipa maneno ya kuweka moyoni, na wewe uweke: nikiona damu kwa choo, nikipungua uzito bila sababu, nikipata homa, au maumivu yaniamshe usingizini au yakatae kutoka mahali pamoja, nisiseme ni lile langu. Niende siku hiyo hiyo. Akaniambia, "Mwambie Tata yako pia aje apimwe mara moja. Miaka ishirini bila daktari ni mingi." Mimi nimesema tu alivyosema.

Mafuta yako nayo, alipiga meza! Akasema ni kweli kabisa, kile kinachochokoza kwa kitunguu hakiingii kwa mafuta, na watu husoma miaka mingi kujua hivyo. Akauliza ulisomea wapi. Nikamwambia Kimana, nyuma ya jiko.

Sasa ninavyoishi. Nakula kidogo kidogo na kwa saa zake, siruki cha mchana tena kwa sababu ya wateja. Mafuta ni ya Tata. Kitunguu saumu pia nimekipumzisha. Maziwa mabichi yananisumbua, lakini mala, maziwa ya kuganda, inaniheshimu. Maharagwe naloweka usiku kucha, namwaga maji, nachemsha na mengine, na nakula vijiko vichache, si sahani. Daktari alikataa niache vitu vyote pamoja. Alisema toa kimoja, ngoja, andika, rudisha kidogo uone, kwa sababu mtu anaweza kujinyima mpaka abaki na chumvi na maji. Kabeji nilifikiri ni adui, kumbe kidogo haina neno. Jioni natembea na mtoto mpaka barabarani na kurudi. Kuna siku linakasirika bado. Jana lilinikasirikia bila sababu yoyote. Lakini sasa nalijua, kama unavyojua mtoto analia njaa ama usingizi, na halinitishi.

Mwalimu Nanjala amerudi. Nilimsuka kichwa kizima bila kusimama, alinipigia makofi.

Njooni Jumamosi tarehe 9 Agosti. Njooni wote na kitambaa chenu. Mpike mnavyotaka, mimi nitakula ninachoweza na nitasema wazi nisichoweza. Kiti kiko tayari.

Ciku


Kimana, 17 Julai 2025

Ciku,

Tutakuwa kumi na mmoja. Wengine wamejialika. Njahi zitalowekwa siku moja kabla, nitalala nikizilinda. Simel ameosha pikapu.

Sijalala vizuri hivi kwa muda mrefu. Na kwa daktari nitaenda, usinisukume.

Tata


Kitengela, 14 Agosti 2025

Tata wangu,

Natumai mlifika salama na sauti zenu zimerudi. Huku bado ploti inaongea. Mwenye ploti ameniuliza kama tunafungua kanisa.

Kuna jambo hujui, ndiyo naandika. Unakumbuka nilikunywa ule uji wa kuchachisha na kula vijiko vitano vya njahi, mkashangilia kama nimefunga bao? Unakumbuka kisha mkaanza maombi, na katikati ya kimya tumbo langu likanguruma mpaka mtoto akashtuka? Nikasema, "Samahani, na lenyewe linaomba," nikachukua ufunguo nikatoka. Miaka mitatu nimeogopa dakika hiyo moja, Tata. Ilifika, na nikatembea kama mtu anayeenda kuchota maji.

Ulidhani siko karibu. Lakini dirisha lilikuwa wazi na choo ni hatua kumi. Nilisikia yule mama mwenye miwani akisema kwa sauti ya chini, "Maskini, bado ni mgonjwa." Halafu nikasikia kiti kikisukumwa, na wewe ukisema, "Si mgonjwa zaidi yangu. Ako na tumbo linalokasirika. Mimi nimekuwa nalo tangu kabla hamjanijua, na vitunguu ninavyowauzia sijavila miaka ishirini."

Nilisahau kilichonipeleka huko.

Halafu mmoja akasema, "Mimi ni maziwa." Mwingine akasema, "Mimi ni maharagwe, na mnanilisha kila mazishi!" Mwingine, "Mimi nikimwona tu mama mkwe." Mkaanza kuongea wote kwa pamoja, mpaka Lorine, aliyekuwa anaosha vikombe, akapiga kelele, "Na mimi ambaye tumbo langu ni zuri nikaenda wapi? Mnanibagua!" Nilicheka peke yangu humo ndani nimeshika ukuta.

Niliporudi ulikuwa umempakata mtoto. Tangu asubuhi ulikuwa humwiti jina, niliona. Ulikuwa unasema "wewe," "huyu," "mdogo." Na ndipo akaachilia, pale pale, ikapita nepi, ikapita shuka, ikateremka kwa kile kitambaa kipya mlichoshona sare. Akina mama wakaruka nyuma. Na wewe ukamwinua mbele ya uso wako ukafoka, "Zipporah! Hata sasa hujaacha tabia zako?"

Wale wawili waliomjua mama wakaanguka juu ya viti kwa kicheko. Wewe ulicheka, ukalia, ukacheka. Nilileta maji na kitambaa, ukakataa. Ukasema, "Achana nami, bado tunaongea." Mkakaa hivyo karibu saa nzima, umechafuka hivyo, unamweleza habari za Kimana tangu mwaka wa 2006, mpaka pikipiki ya mchungaji, na yeye anakuangalia mdomo.

Leo asubuhi nimemwogesha, naye alikuwa anatazama mlango. Njoo Oktoba. Acha akina mama, acha sufuria, kuja peke yako na ukae mpaka uchoke na sisi.

Simel ananiambia amemaliza chai. Nimemwongezea kingine.

Ciku, mama Cate na mama Zipporah